Kijiko Kimoja cha Kwatzi

Mimi huuza sufuria, beseni, ndoo na chochote kingine kinachoweza kuning'inizwa mlangoni, hapa soko la Emali, na katika miaka yangu yote ya kuuza sijawahi kuona mteja akinusa sufuria mpya. Huyu alinusa. Akaigeuza, akapitisha kidole ndani, akakitazama hicho kidole kwenye mwanga, kisha akaniuliza kama sufuria imewahi kupikiwa.

"Kastoma, hiyo imetoka kwa katoni sasa hivi. Hata mimi sijaizoea."

"Sitaki yenye mkwaruzo ndani."

"Kwani unapika nini humo? Dawa?"

"Tope," akasema, bila kucheka.

Nilimtazama juu hadi chini, nikarudia tena, kwa sababu mimi huhesabu kila kitu mara mbili, na watu pia. Msichana wa miaka thelathini hivi, buti za vumbi, kalamu nyweleni, si Mkamba, si mlevi. Nikataja bei ya kwanza, ile ya kufungulia mazungumzo, ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu huku kwetu anayeilipa. Akaanza kufungua mkoba. Nilishtuka hadi nikajipunguzia mwenyewe, jambo ambalo ukoo wetu haujawahi kulifanya, na nikamwongezea kifuniko juu.

Kwa sababu ya hicho kifuniko tukawa watu wa kuongea. Alikuwa akisomea udaktari wa mawe, huo ndio udaktari wenyewe kama nilivyouelewa, chuo kikuu Nairobi. Alikuwa ameokota tope kutoka ukingo wa mto mmoja mkavu upande wa Kitui, tabaka baada ya tabaka, kutoka juu kwenda chini. Alitaka mahali penye kivuli na maji ya kuliosha. Nyuma ya duka langu kuna uwanja mdogo na tangi. Alipoueleza ule mto, mahali ulipopinda, na mwamba mweupe uliokaa kama ng'ombe aliyelala, nilijua anaongea juu ya mto ulio chini ya boma la mama yangu. Nikawa dalali wake kuanzia saa hiyo. Udalali wa tope. Ukiniuliza kama nimewahi kufanya kazi ya kushangaza zaidi, nitafikiria kidogo, na bado nitasema hapana.

Kazi yenyewe ilionekana ya kijinga. Tope linawekwa ndani ya sufuria yenye maji safi, linakorogwa, linapitishwa kwenye chujio laini kuliko la chai, kisha linaachwa litulie. Kizito kinakaa chini, chepesi kinabaki kinaelea, anamwaga, anaanza upya. Mwisho anaanika kilichobaki kikauke kiwe unga wa kijivu, anatia kwenye mfuko, anaandika juu ya mfuko. Alikuwa akitafuta kwatzi. Unaijua hata kama hujui jina: ni lile jiwe jeupe linalong'aa kwenye njia zetu, ambalo tukiwa watoto tulikuwa tukiligonganisha zitoke cheche. Lakini yeye hakutaka jiwe. Alitaka vumbi la kwatzi lililolala ndani ya tope, laini kuliko unga wa ngano.

"La nini?" nikauliza.

"Nataka kupima oksijeni iliyo ndani yake."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya kwatzi. Zaidi ya nusu ya uzito wa jiwe hili ni oksijeni."

"Hewa?"

"Ile ile unayovuta sasa."

Niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nilifikiria malori ya mchanga yanayopita hapa Emali na kule Salama kupeleka Nairobi kujenga magorofa, na madereva wanaogombana kwenye mizani, na kumbe nusu ya mzigo ni hewa na hakuna askari aliyewahi kugundua. Nilijiona kama mtu aliyeuziwa nyumba yake mwenyewe.

Akanieleza kwa subira, nami nitaeleza kwa haraka. Oksijeni kuna nyepesi na kuna nzito kidogo, kama mapacha wasiolingana kilo. Jiwe lililopoa kutoka kwenye moto wa ardhini linazishika kwa kipimo chake. Lililoota polepole kwenye maji baridi linazishika kwa kipimo kingine. Na ni shida jiwe kubadili kipimo chake hata likisagwa likawa vumbi na upepo ukalibeba nchi tatu. Kwa hiyo ukipima oksijeni ya vumbi lililo ndani ya tope, unaweza kusema kama ni vumbi la hapa hapa au ni mgeni aliyeletwa na upepo, na kwa hivyo ukajua ni lini nchi hii ilikuwa kavu na yenye upepo mkali. Mashine ya kupimia iko ng'ambo. Huko hawapokei mchanganyiko. Wanataka kwatzi tupu.

Siku moja nilienda Nairobi kuchukua bidhaa nikapitia maabara yake, niione hiyo kwatzi tupu. Laiti nisingeona. Ule unga tuliouosha kwa wiki nzima, ukanichosha mgongo, alikuwa akiutia asidi. Asidi ya kwanza ilikula chokaa. Ilichemka povu kama soda iliyotikiswa. Dawa nyingine ikachoma mizizi na majani yote yaliyooza humo. Halafu ikaja asidi kali kabisa, ambayo alikuwa akiifungia ndani ya kabati la kioo lenye feni, akavaa glavu ndefu na miwani, akaniambia nisimame mlangoni. Hiyo ilikuwa ikitafuna udongo na mawe mengine yote polepole, siku kadhaa, na kuacha kitu kimoja tu ambacho ilishindwa kukimaliza haraka.

Kilichobaki chini ya chupa kilikuwa kama chumvi ambayo mtu mwenye shinikizo la damu ameruhusiwa.

"Hii ndiyo ndoo nzima?"

"Ndiyo ndoo nzima."

"Na hawa watu wa ng'ambo wanapunguza hapo tena?"

"Wanatumia chembe tu."

Niliipigia hesabu ile ndoo mpaka Athi River. Mimi ni mfanyabiashara. Najua hasara nikiiona. Lakini yeye alikuwa ameshika ile chupa kama mtu aliyeshika mtoto wa siku ya kwanza.

Lililokuwa limebaki ni tabaka la chini kabisa. Hilo ndilo lilikuwa roho ya kazi yote, maana ndilo kongwe kuliko yote, na bila hilo, alisema, kazi yake ni hadithi isiyo na mwanzo, na wasahihishaji wangemrudisha nyumbani nayo. Lilikuwa chini ya mchanga wa mto, kwa kina cha kumzamisha mtu mrefu, na halikuweza kuchimbwa na mtu mmoja, kwa sababu kila ukichota mchanga, maji yanajaa kutoka pembeni. Linahitaji watu wengi wanaochimba na wengine wanaochota maji kwa pamoja, bila kupumzika.

Watu wengi, kwetu, maana yake ni mwethya: lile kundi la akina mama wa kijiji ambalo hulimiana mashamba kwa zamu. Leo kwako, keshokutwa kwangu, hakuna anayeruka foleni. Ulikuwa mwezi wa kiangazi kikali, mikono ilikuwa haina kazi, na mama yangu ni mwanachama wa tangu kundi lianze. Akaomba, wakaja, wakamchimbia mgeni wake. Tope la kijivu likatoka, zito, linanata kama ugali usioiva. Kwa kuwa lilikuwa zito mno kubebwa, tukaamua kuliosha pale pale kwa mama, na matope yaliyobaki tukayamwaga. Kumbuka hapo. Yaliyobaki tukayamwaga.

Mama alimpenda yule msichana. Alimwita mwiitu, yaani binti, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia tangu nilipoacha shule. Yeye naye akajifunza kumwita Mwaitu, yaani mama, kama sisi. Alikaa pale siku kadhaa na sufuria nilizomkopesha dukani, akiosha, akituliza, akianika, na kila alipomaliza awamu moja ya sufuria aliziacha uani akaenda kulala kidogo. Na kila alipoamka alizikuta zinang'aa.

"Mwaitu, usijisumbue."

"Sufuria za mgeni zikae na matope, watu waseme nini?"

Nilikuwepo. Nilisikia. Niliona zile sufuria zikiwa zimeegemezwa ukutani, jua linazipiga mpaka zinauma macho, na nikajisifu kimoyomoyo kwamba mzigo wangu si wa bei rahisi.

Wiki kadhaa baadaye, msichana alishuka Emali bila kupiga simu. Hakuketi. Akanipa simu yake nitazame picha iliyopigwa kupitia hadubini. Niliona unga laini wa chembe nyingi ndogo, na katikati yake, kama mahindi ndani ya unga, chembe kubwa, safi, za kung'aa, za duara.

"Hawa ni nani?" nikauliza.

"Hilo ndilo nimekuja kukuuliza wewe. Hii ni sampuli ya chini. Hawa si wa kwangu."

"Si uwachuje tu?"

"Wakubwa nitawatoa. Lakini angalia pembeni. Kuna waliovunjika, waliosagwa. Hao wamekuwa unga kama unga wangu. Siwezi kuwatenganisha hata nikisaidiwa na malaika."

"Asidi?"

Akanitazama kwa macho mekundu. "Asidi inakula kila kitu isipokuwa kwatzi. Na hawa ni kwatzi."

Tulianza kuhesabu nani alikaribia sampuli. Tulihesabu mara mbili. Dereva wa pikapu iliyobeba mzigo wetu hakufungua mfuko. Mimi sikufungua. Upepo? Upepo hauleti mahindi. Zile sufuria zilikuwa zimerudi kwangu, nimezipanga nyuma ya kaunta, sina moyo wa kuziuza kama mitumba. Nikachukua moja. Ilikuwa inang'aa bado. Sasa, mtu anayeuza sufuria anajua kwamba ukingo wa juu umekunjwa kwa nje, na ule mkunjo una uwazi ndani, kama pindo la sketi. Nikaigonga ukingo juu ya kaunta.

Ukamwagika mchanga.

Nikagonga nyingine. Mchanga. Tukauinamia pale juu ya kaunta, mchanga mweupe safi wa mto wa kwetu. Nilimwona mama yangu wazi kama picha: amechuchumaa mtoni, ganda la mahindi mkononi, gao la mchanga kiganjani, anasugua sufuria kwa duara, ndani na nje, kama alivyosugua sufuria maisha yake yote, kama alivyosugua mama yake, kama nilivyosugua mimi hadi nikahamia mjini nikajifunza kununua sponji. Ndani ya aluminiamu laini zile chembe zinazama na kukaa. Kilichofuata kumiminwa humo ndicho kilichozichukua.

Angesugua na majivu, asidi ingeyamaliza. Angesugua na sabuni, na udongo mwekundu, na majani, na kitu kingine chochote alichoumba Mungu, asidi ingekimaliza. Alisugua na kitu kimoja tu duniani ambacho asidi inakiacha.

"Nani atamwambia?" msichana akauliza.

Hilo ndilo swali lililotunyima usingizi njiani kutoka Emali hadi Kibwezi, na Kibwezi hadi kwetu. Mimi nilitaka tusimwambie. Tuseme kifaa kimeharibika Nairobi, tunaomba kuchimbiwa tena. Uongo mdogo, bei nafuu. Lakini mama alitutazama tukishuka, akaona nyuso, akasema, "Nani amekufa?"

Msichana ndiye aliyesema. Alisema kwa upole sana, akimshika mkono, na alisema kila kitu, mpaka asidi. Mama alisikiliza bila kukatiza. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, kiganja juu, kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Kwa hiyo nilipaka uchafu kwa kuosha."

"Mwaitu, si uchafu. Ni mchanga tu."

"Umesema masomo yako yote yamo kwenye tabaka la chini."

Sikuwahi kumwona mama yangu akishtuka; amezika mume, ameona ng'ombe wake wakifa kwa ukame wakiwa wamesimama, hakushtuka. Siku hiyo alikaa kwenye kiti cha jikoni, akasahau moto, chai ikamwagika yote.

Jioni hiyo tulienda kwa mwenyekiti wa mwethya. Ni mama mnene mwenye sauti ya kukemea mvua. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa upande wa milima, na kila mtu alikuwa akihangaikia kuchimba mashimo ya mahindi na kutengeneza matuta kabla mvua haijafika. Alitusikiliza kwa heshima, akacheka kwa heshima.

"Dada, wiki hii hata chifu akitaka kuchimbiwa choo atangoja. Zamu zimepangwa."

"Ya nani keshokutwa?" mama akauliza.

"Si yako? Ulisahau? Zamu yako ya shamba la chini. Umeingoja kuliko sisi sote."

"Basi ni yangu," mama akasema. "Siipeleki shambani. Naipeleka mtoni."

Mimi nilidhani nimesikia vibaya. Zamu ya mwethya wiki ya mwisho kabla ya mvua si kitu cha kutoa. Ni msimu mzima. Ni kula na kutokula. Nilimvuta pembeni, nikaanza kufanya kazi ninayoijua.

"Mwaitu, tugawe. Nusu ya wanawake shambani, nusu mtoni."

"Maji yatawashinda nusu."

"Basi asubuhi shambani, mchana mtoni."

"Na mchana wamechoka, shimo linajaa. Wewe, hapa si soko."

Msichana naye akaingia, karibu kulia. "Mwaitu, acha kabisa. Nitaandika kwamba tabaka la chini halikupatikana. Watu huandika hivyo."

"Wakiuliza kwa nini halikupatikana?"

"Sitasema."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," mama akasema, na mazungumzo yakaisha. Nimebishana na Wasomali wa mifugo, na madereva wa trela, na wake wa wachungaji wakinunua vyombo vya kanisa. Sijawahi kushindwa haraka hivyo.

Walikuja wote. Hakuna aliyekosa, ingawa kila mmoja alikuwa na mashimo yake yanayomsubiri. Walishuka mtoni na majembe na vibuyu na ndoo zangu, na habari ilikuwa imetangulia mbele yao, kwa sababu jambo la kwanza nililosikia ni mama mmoja akipiga kelele kutoka ndani ya shimo:

"Mwenye zamu asisogee! Kaa hapo juu, mikono tuione!"

"Asiguse hata ndoo!"

"Ndoo ataisugua!"

Kicheko kikazunguka shimo. Mama alikaa juu ya ule mwamba mweupe, mikono mapajani, kama mtoto aliyefukuzwa darasani, siku ya zamu yake mwenyewe, akiwatazama watu wakichimba kitu kisicho mahindi. Alicheka nao mara moja tu. Walipolifikia lile tope la kijivu, alisimama, akaketi tena.

Safari hii hatukuosha chochote. Tope lilipanda juu bichi, likaingia kwenye ndoo mpya zenye vifuniko, nikazihesabu, nikazihesabu tena, tukazipakia zote kwenye pikapu hata zile zilizofanya chasisi ilie. Tukafunga kila kifuniko kwa tepu. Hatukumwaga hata kijiko.

Mvua ilikuja siku mbili baadaye. Mto ulishuka kwa kishindo, na shimo, na njia ya kwenda shimoni, vikatoweka. Na shamba la chini la mama lilikuwa bado gumu kama lami.

Nilifunga duka. Nasema tena kwa sababu wanaonijua hawaamini: nilifunga duka, katikati ya juma, nikaenda kulima. Msichana alirudi kutoka Nairobi usiku ule ule baada ya kuweka ndoo zake mahali salama, akachukua jembe la tatu. Alilima na glavu za maabara, na glavu zikapasuka kabla ya saa nne. Tulilima kwenye matope, sisi watatu, mahali palipotakiwa watu ishirini, na tulimaliza nusu. Nusu ya juu. Ile ya chini ilipandwa kwa kuchelewa, mvua ikakatika mapema kama kawaida yake, na mahindi ya huko yakasimama kimo cha magoti yakakauka hapo. Mama hakuyazungumzia. Mimi nilipita nikiyatazama kila nilipoenda, na kila mara niliyahesabu, na kila mara nilishtuka upya.

Mwaka mpya ulipoingia msichana alikuja na kitu mfukoni. Kichupa kidogo, cha ukubwa wa kidole changu kidogo, na ndani yake, chini kabisa, kitu cheupe. Alitaka mama akione kabla hakijasafiri ng'ambo.

Mama alifuta mikono kwenye leso, upande wa mbele na upande wa nyuma, ndipo akakipokea. Akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Akakitikisa kidogo. Nilijua anatafuta kitu zaidi. Mimi pia nilikuwa nimetafuta.

"Hii ndiyo zamu yangu?"

"Ndiyo, Mwaitu."

"Yote?"

"Yote. Nimetazama kila pembe kwa hadubini. Ni safi."

"Hakuna changu ndani?"

"Hakuna chako ndani."

Mama akatikisa kichwa taratibu, na uso wake, nilioujua tangu nizaliwe, sikuweza kuusoma. Akamrudishia kichupa, akamfunga vidole juu yake kimoja kimoja. Kisha akaiokota sufuria nyeusi ya chai kutoka mekoni, akachota gao la mchanga kwenye kirundo kilicho kando ya mlango, akachuchumaa.

"Hii ni ya chai," akasema bila kutugeukia. "Naisugua."